Maji Yakiwa Dhaifu Mferejini, Usikimbilie Kununua Pampu



Mwezi wa Februari, kiangazi kilipokuwa kikali, mzee mmoja alifika ofisini kwetu asubuhi na mapema. Shamba lake liko katika skimu moja ya Nyandarua, nalo alilirithi kwa baba yake, aliyepewa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Alitaka kujua bei ya mtamba sokoni.

Nikamwuliza, “Mzee, mbona wauza mtamba aliyekaribia kuzaa?”

Akanijibu, “Karani, sina budi. Pampu yangu imechoka. Maji ya zizini yatoka kama uzi, ng’ombe wasimama horini saa nzima. Nimeambiwa ninunue pampu yenye nguvu mara mbili.”

Nikamwomba angoje siku moja tu. Kesho yake nilikwenda kwake nikiwa na mtungi wa lita 20 na saa ya mkononi. Kabla ya saa sita tulikuwa tumekwisha kuujua ubovu, nao haukuwa katika pampu hata kidogo. Katika somo hili nitakueleza njia tuliyoifuata, ili nawe uweze kuifuata nyumbani kwako. Njia yenyewe ni hii: anza mferejini, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kisimani, na kila mahali upime. Usinunue kitu mpaka umejua maji yapotelea wapi.

NGUVU YA MAJI NI NINI?

Kwanza yafaa kutofautisha mambo mawili. Presha ni msukumo wa maji. Wingi ni lita ngapi zitokazo kwa dakika moja. Mfereji ukifungwa, maji ndani ya bomba husimama, na presha huwa kamili. Ukifunguliwa, maji huanza kwenda, na yakienda husugua kuta za bomba. Msuguano huo hula presha. Bomba likiwa refu, au jembamba, au lenye kutu ndani, presha huliwa zaidi.

Presha hupimwa kwa bari. Maji yaliyo juu kwa mita 10 husukuma kwa bari 1 hivi. Kwa hiyo tangi lililowekwa juu ya kiunzi cha mita 3 hutoa bari 0.3 tu, au zaidi kidogo likiwa limejaa. Ukubwa wa tangi haubadili jambo hili. Tangi la lita 500 na tangi la lita 5,000, maji yakiwa ya kimo kimoja, husukuma sawasawa.

Maji ya kisima hupelekwa nyumbani kwa namna mbili:

(a) Pampu hujaza tangi la juu, kisha maji hushuka yenyewe mpaka mferejini.

(b) Pampu husukuma maji moja kwa moja mabombani, ikisaidiwa na tangi dogo la presha na swichi inayoiwasha na kuizima.

Tazama yako ni ipi. Kama ni namna (a), shika neno hili vizuri: kazi ya pampu huisha maji yaingiapo tangini. Pampu kubwa italijaza tangi upesi, lakini tangi likiwa limejaa, mfereji wako utatoa maji yale yale uliyokuwa ukiyapata. Wakulima wengi wametumia fedha zao bure kwa kutolijua neno hili.

VYOMBO VYA KAZI

Hivi vyatosha: mtungi wa lita 20, saa inayoonyesha sekunde, kamba ndefu yenye jiwe mwishoni na mafundo kila nusu mita, kitambaa, na daftari la kuandikia. Ukiweza kupata geji ya presha ni vyema, lakini kukosa geji kusikuzuie.

Kipimo ni rahisi. Fungua mfereji wote, weka mtungi, uhesabu muda. Mtungi ukijaa kwa dakika 1, mfereji watoa lita 20 kwa dakika. Ukijaa kwa dakika 2, ni lita 10. Ukijaa kwa dakika 4, ni lita 5 tu. Andika katika daftari jina la mfereji, tarehe na muda. Usitegemee kumbukumbu, maana mwezi ujao utataka kulinganisha.

HATUA YA KWANZA: MFEREJINI

Pima kila mfereji peke yake, mingine yote ikiwa imefungwa. Kisha soma daftari lako hivi:

Mfereji mmoja tu ukiwa dhaifu, ubovu uko papo hapo au katika bomba lake dogo. Fungua mdomo wa mfereji. Mara nyingi utakuta wavu mdogo uliojaa mchanga, au mpira wa ndani ulioharibika ukaziba njia. Kazi hiyo ni ya robo saa.

Mfereji ulio karibu na tangi ukiwa mzima, na ile ya mbali ikiwa dhaifu, ubovu uko katika bomba lililo kati yake.

Mifereji yote ikiwa dhaifu, hata ule wa tangini, nenda ukatazame tangi.

Mifereji ikiwa mizima asubuhi na dhaifu jioni, tazama kiasi cha maji tangini, na utazame pia kama kuna mtu mwingine atumiaye maji wakati huo. Bomba moja likigawanywa jikoni, zizini na bustanini kwa saa moja, kila mmoja atapata kidogo.

Kwa yule mzee tulipata hivi: mfereji ulio chini ya tangi ulijaza mtungi kwa sekunde 40. Mfereji wa zizini, mita 120 kutoka hapo, ulijaza kwa dakika 4. Tangi ni lile lile, na ardhi ni tambarare. Basi palepale tulijua kwamba pampu haina kosa, wala tangi, wala kisima.

HATUA YA PILI: BOMBA

Tembea juu ya njia ya bomba tangu tangini mpaka mwisho, ukitazama mambo manne.

1. Koki. Tazama kama koki zote zimefunguliwa kabisa. Mara kwa mara koki hufungwa nusu siku ya matengenezo, kisha husahauliwa. Koki ya zamani yaweza kuvunjika ndani: mpini wazunguka, lakini mlango wake haupandi.

2. Kuvuja. Jioni, jaza tangi, zima pampu, funga mifereji yote, na utie alama mahali maji yalipofika. Asubuhi tazama tena. Tangi la duara lenye upana wa mita 1.2 hupoteza lita 11 kwa kila sentimita iliyoshuka. Likishuka sentimita 10, umepoteza lita zaidi ya 110 kwa usiku mmoja. Kisha tafuta mahali penye udongo wa maji, au majani mabichi wakati wa kiangazi. Usidharau tundu dogo. Bomba livujalo hutoa maji presha ikiwapo, lakini presha ikiisha laweza kunyonya uchafu wa nje. Kama lapita karibu na zizi au choo, uchafu huo utafika kikombeni mwa watoto wako.

3. Hewa. Bomba litokalo tangini likipanda kilima kidogo kisha likashuka, hewa hukusanyika pale juu na kubana njia ya maji. Dalili yake ni mfereji kutema na kukoroma. Dawa yake ni kulilaza bomba lisiwe na nundu, au kutia koki ndogo pale juu ya kutolea hewa.

4. Upana. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukichukua bomba lenye tundu la nusu ya upana wa lile la kwanza, ukataka kupitisha maji yale yale, msuguano hauongezeki mara mbili. Huongezeka karibu mara 30. Kwa hiyo bomba la nusu inchi lafaa kwa safari fupi ya ndani ya nyumba, lakini halifai kwa safari ya kwenda zizini. Na kipande kimoja kirefu cha bomba jembamba chatosha kuharibu kazi ya bomba pana lililobaki.

Mzee yule alikuwa amehamisha zizi mwaka uliotangulia. Siku ile alitumia mabomba ya nusu inchi kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Wakati wa mvua ng’ombe walikuwa wakinywa bwawani, kwa hiyo hakuona shida. Bwawa lilipokauka ndipo alipoona maji ni dhaifu, akadhani pampu ndiyo iliyochoka. Tulipofukua mahali pawili tuliona ukweli kwa macho yetu.

HATUA YA TATU: TANGI LA JUU

Kama hata mfereji wa tangini ni dhaifu, panda utazame. Je, maji yamo? Je, boya hukwama na kuzuia maji yasiingie? Je, mdomo wa kutokea umezibwa na tope, majani au mjusi aliyekufa? Je, kifuniko kimebana kabisa hata hewa haiingii? Maji hayawezi kutoka vizuri kama hewa haiingii mahali pake. Acha tundu dogo la hewa, ulifunike kwa wavu ili mbu wasiingie.

Tope la chini lioshwe angalau mara moja kwa mwaka. Bomba la kutokea lisikae chini kabisa ya tangi, bali liinuliwe sentimita chache ili lisichukue tope.

Ukitaka presha zaidi, waweza kuinua tangi. Kila mita moja utakayoinua itakupa bari 0.1. Lakini fikiri kwanza juu ya uzito. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Tangi la lita 5,000 lina uzito wa tani tano, bila kuhesabu kiunzi. Usiongeze urefu wa kiunzi cha miti kwa kukisia. Mwite fundi ajuaye kazi hiyo, wala watoto wasicheze chini yake.

HATUA YA NNE: TANGI LA PRESHA

Hatua hii ni ya wenye namna (b). Ndani ya tangi dogo la presha mna mfuko wa mpira. Maji yako upande mmoja wa mpira na hewa iko upande wa pili. Hewa hubanwa kama chemchemi, ndipo maji yapate msukumo hata pampu ikiwa imezima.

Ukiona pampu yawaka na kuzima kila sekunde chache, shuku tangi hili. Fanya hivi:

Zima umeme kabisa. Fungua mfereji mpaka maji yaishe bombani, uuache wazi. Kwenye tangi kuna vali kama ile ya gurudumu la gari. Ibonyeze kidogo. Yakitoka maji badala ya hewa, mfuko umepasuka. Nunua mfuko au tangi, si pampu. Ikitoka hewa, ipime kwa geji ya magurudumu. Hewa iwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu. Kwa mfano, kama swichi huwasha pampu kwa bari 1.4 na kuizima kwa bari 2.8, tia hewa ya bari 1.2. Ikiwa imepungua, ongeza kwa bomba la kujazia upepo.

Usiipandishe swichi ya presha kwa kubahatisha. Ukiipandisha kupita uwezo wa pampu, pampu haitazima kamwe. Itazunguka mpaka iungue.

HATUA YA TANO: PAMPU NA BOMBA LA KUNYONYA

Ikiwa maji yaingiayo tangini ndiyo machache, sasa ndiyo zamu ya kutazama pampu. Pima kwa mtungi maji yanayotoka pampuni. Kisha tafuta haya:

Hewa ya kuvuja. Pampu ikitema maji yaliyochanganyika na hewa, yamkini bomba la kunyonya lina kiungo kibovu. Hutaona maji yakidondoka, maana upande huo huvuta ndani. Zungushia kila kiungo kitambaa kilicholowa. Pampu ikiacha kutema hewa, umekiona kiungo chenyewe. Kifungue, uzungushie uzi wake utepe mweupe wa mafundi, ukikaze.

Vali ya chini. Mwisho wa bomba, ndani ya maji, pana vali yenye wavu, izuiayo maji yasirudi kisimani. Kama walazimika kujaza pampu maji kila asubuhi kabla ya kuiwasha, vali hii haifungi, au kiungo chavuja. Wavu wake ukizibwa, maji hupungua pole pole siku kwa siku.

Umeme. Umeme ukiwa mdogo, mota huwa dhaifu na huchemka. Kama pampu ni nzima mchana na dhaifu saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha vitu vyake, mwite fundi wa umeme apime volti pampu ikiwa inazunguka. Pampu ikinguruma bila kuzunguka, izime mara moja. Kwa pampu ya jua, futa vumbi lililo juu ya paneli, utazame kama mti umekua ukatia kivuli. Kumbuka pia kwamba siku ya mawingu maji hupungua bila ubovu wowote.

Kimo cha kunyonya. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Hutoa hewa bombani, kisha uzito wa hewa ya nje ndio usukumao maji yapande. Pwani, kama Mpeketoni, uzito huo waweza kupandisha maji mita 10 hivi, si zaidi, hata pampu ingekuwa kubwa namna gani. Nasi tulio nyanda za juu hewa yetu ni nyepesi. Kitale, penye karibu mita 1,900 juu ya bahari, kipimo hicho ni mita 8 hivi. Ol Kalou, panapozidi mita 2,300, hakifiki mita 8. Na hivyo ni vipimo vya kitabuni. Kwa kazi ya kila siku toa mita 3 kwa ajili ya msuguano na kasoro za pampu. Basi pwani hesabu mita 7, Kitale mita 5, na Ol Kalou mita 4 na nusu.

Tia kamba yako kisimani, upime tangu ilipo pampu mpaka uso wa maji. Kama wakati wa mvua maji yalikuwa mita 4 na sasa yameshuka mpaka mita 7, pampu yako haijachoka. Maji yameshuka mahali isipoweza kuyafikia. Pampu nyingine ya namna ile ile, hata ikiwa kubwa mara tatu, haitayafikia pia. Yakupasa utumie pampu ya kuzama, ambayo huteremshwa majini kwa kamba na kuyasukuma maji kutoka chini.

HATUA YA SITA: KISIMA CHENYEWE

Pampu haizalishi maji. Yatoa yale tu yaliyoingia kisimani. Kwa hiyo pima kisima chako hivi. Asubuhi, kabla ya kuwasha pampu, pima maji yalipo. Pampu mpaka yashuke sana, lakini usiache pampu izunguke pakavu, maana itaharibika. Zima, pima tena, ungoje saa moja, kisha pima mara ya tatu.

Kisima cha duara chenye upana wa mita 1.2 kina lita 1,130 hivi katika kila mita moja ya kina. Kama katika saa moja maji yamepanda sentimita 10, kisima chakupa lita 113 kwa saa, yaani lita 2,700 hivi kwa mchana na usiku. Pampu itoayo lita 30 kwa dakika hutoa lita 1,800 kwa saa. Waona basi kwamba pampu kubwa ingekimaliza kisima upesi tu, na kuvuruga tope lililo chini. Kwa kisima cha namna hiyo, pampu ndogo na tangi kubwa ni bora kuliko pampu kubwa na tangi dogo. Pampu kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, kidogo jioni.

Ukiona kwamba lazima kichimbwe kisima kirefu kwa mashine, uliza kwanza habari za kibali katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

ONYO: INJINI ISISHUSHWE KISIMANI

Mkulima, hapa nakuomba usome pole pole, na umsomee kila kijana wa nyumbani kwako.

Maji yanaposhuka kiangazi, watu wengine huona njia ya mkato: huishusha injini ya petroli ndani ya kisima iwe karibu na maji. Njia hii huua. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kisimani haina pa kutokea. Mtu hulegea na kuanguka kabla hajajua kwamba yumo hatarini. Ndugu yake akimwona ameanguka hushuka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Hivyo nyumba moja yaweza kuzika watu wawili au watatu kwa siku moja.

Usitegemee mshumaa. Mshumaa huzimika palipokosekana hewa ya kuvuta, lakini huendelea kuwaka penye sumu ya injini. Hata kisima kisichoingizwa injini chaweza kukosa hewa nzuri. Kwa hiyo injini ikae juu, mahali pa wazi, na moshi wake uelekee mbali na mdomo wa kisima. Kazi ya ndani ya kisima waachie mafundi wenye vifaa vyake. Mtu akianguka ndani, usimfuate. Piga kelele watu waje, na piga simu 999 au 112.

HABARI YA MTAMBA

Mzee yule alinunua mabomba ya inchi moja ya kutosha mita 120, akayalipia kwa fedha za maziwa. Wanawe walichimba mtaro, fundi akaunga viungo. Jioni tukapima tena. Mtungi wa zizini, uliokuwa ukijaa kwa dakika 4, ulijaa kwa dakika moja na sekunde chache. Pampu ni ile ile, tangi ni lile lile.

Ana ng’ombe wanne wa maziwa. Ng’ombe mmoja akikamuliwa vizuri aweza kunywa lita 80 kwa siku, na akikosa maji, maziwa hupungua siku ile ile. Lita 320 za wanne hao zilihitaji zaidi ya saa moja kutoka. Sasa dakika 20 zatosha. Mtamba hakuuzwa. Alizaa mwezi wa Aprili, ndama jike.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtungi wa lita 20 wajaa kwa dakika 2 na nusu. Mfereji watoa lita ngapi kwa dakika?

2. Tangi limewekwa juu kwa mita 5. Presha yake ni bari ngapi?

3. Pampu yajaza tangi la juu vizuri, lakini mfereji wa mwisho ni dhaifu. Je, pampu kubwa itasaidia? Kwa sababu gani?

4. Shamba lako liko Kitale na maji ya kisima yako mita 7 chini ya pampu. Utafanya nini?

5. Mtu ameanguka ndani ya kisima chenye injini. Ni jambo gani usilofanya kabisa?

Majibu: (1) Lita 8. (2) Bari 0.5. (3) Hapana, pampu yamaliza kazi yake tangini, tazama bomba. (4) Tumia pampu ya kuzama. Ya kunyonya haifiki. (5) Usishuke kumfuata.

Ukurasa huu uuweke pamoja na daftari lako la maji. Na kabla ya kwenda dukani, wala kabla ya kumpeleka mnyama sokoni, chukua mtungi na saa, uanze mferejini.